Sahihi ya Ishirini

Chama cha wanasayansi wa siasa kilikuwa na vikundi kumi na saba vya utafiti, na kila kikundi kilikuwa na tabia yake, kama watoto wa tumbo moja. Kikundi cha Mabunge ndicho kilichopewa ukumbi wenye kiyoyozi kila mwaka, na wanachama wake walitembea wamefunga mikono nyuma utadhani wao ndio waheshimiwa wenyewe. Kikundi cha Katiba kilikuwa na mwaka wa sita bila kukubaliana juu ya katiba yake. Wale wa Kikundi cha Migogoro walipendana kupita kiasi, mpaka wakawa wanakatiana keki. Halafu, mwisho kabisa wa orodha, mahali ambapo jicho huwa limeshachoka, kulikuwa na Kikundi cha Kutopiga Kura.

Mratibu wake alikuwa mama wa miaka sitini na mbili, mwalimu wa chuo, ambaye jina lake la kwenye hati alilijua mhasibu peke yake. Wengine wote walimwita Mama Sababu. Ukimwambia hutaki chai, aliweka birika chini, akakutazama usoni taratibu, akauliza, "Sababu?" Wala hakuwa anakusuta. Alitaka kujua kweli, na watu ambao hawajazoea kuulizwa kweli walijikuta wanaeleza mambo ya utotoni kwa ajili ya kikombe cha chai.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa. Kila baada ya uchaguzi, wataalamu wengine walipokimbilia kwa washindi, yeye na wenzake waliwatafuta watu ambao siku ile walibaki nyumbani. Waliketi nao jikoni, gereji, kwenye ngazi za hospitali, wakawauliza. Kila mtu alikuwa na kadi yake moja, na maneno yaliandikwa yalivyotoka kinywani, bila kunyooshwa. Ripoti za wakubwa zilikuwa na neno moja tu kwa watu hao, uvivu, na Mama Sababu alilichukia neno hilo kama mtu anavyomchukia jirani aliyemsingizia mwanawe wizi. Kadi zilikuwa zimefika elfu kumi na moja, mia nne na sita. Zilijaa makabati manne ya chuma katika chumba namba tisa, ghorofa ya tatu ya ofisi za chama, chumba ambacho zamani kilikuwa cha kudurufia karatasi na mpaka leo kilinuka wino.

Ukutani alikuwa amebandika maneno matatu: Uliza. Andika. Usishawishi. Hilo la tatu ndilo lililokuwa dini ya kikundi. Mtafiti hakuruhusiwa kumwambia mtu kwamba angefanya vizuri kupiga kura, wala kutikisa kichwa, wala kuguna. Hakuruhusiwa hata kutazama saa, maana mtu akikuona unatazama saa anafupisha, na ukweli kwa kawaida huwa mwishoni. Simu ilizimwa kabla ya swali la kwanza.

Kadi namba moja ilikuwa ya mama yake mzazi. Aliianza kazi kwa mama yake kwa sababu alikuwa mwoga na hakujua pengine pa kuanzia. Walikuwa wanachambua mchele, yeye ana kalamu sikioni, na alitegemea kusikia habari ya mguu unaouma au foleni ndefu. Mama yake hakuinua macho kwenye ungo. Alisema: "Nilishapiga mara moja. Baba yako alinionyesha pa kuweka alama, nikaweka. Mara ya pili nikaona, huyu mwanamume ameshapiga yake, ya nini nimpigie na nyingine?" Akaendelea kuchambua. Alikuwa ameishi na baba yao miaka thelathini na minane bila kumwambia neno hilo. Sasa wazazi wote wawili walikuwa wamelala makaburini, na sentensi ile haikuwepo mahali pengine popote duniani isipokuwa kabati la kwanza, droo ya juu.

Kulikuwa na kifungu kimoja katika kanuni za kikundi ambacho Mama Sababu alikiandika mwenyewe, akiwa na miaka thelathini na mitatu na kichwa kinachochemka. Watu wa mwanzo walikuwa wanaogopa kwamba maneno yao yangefika kwa mwajiri, kwa mume, kwa balozi wa mtaa. Basi akaandika ahadi, na ahadi hiyo ilisomwa kwa kila mhojiwa kabla hajafungua kinywa: kadi zitakaa na kikundi, hazitatolewa kwa yeyote, na siku kikundi kikivunjika zitaharibiwa zote mbele ya mashahidi wawili. Wakati huo hakuwaza kwamba kikundi kingeweza kuvunjika. Nani anawaza hivyo akiwa na miaka thelathini na mitatu?

Sasa ulikuwa mwaka wa uhai, kama walivyouita. Kila baada ya miaka mitatu, kila kikundi kwa zamu yake kilipewa saa moja kwenye mkutano mkuu wa chama, na ndani ya saa hiyo wanachama ishirini walitakiwa kutia sahihi kwenye kitabu. Wakitimia ishirini, kikundi kinaishi miaka mitatu mingine. Wasipotimia, basi. Kikundi cha Kutopiga Kura kilikuwa na wanachama arobaini na mmoja katika orodha, lakini sita kati yao walikuwa wameshafariki, kadhaa walikuwa ng'ambo, na wengine walikuwa wamehamia Mabunge kufuata kiyoyozi.

"Mama, wapigie simu," binti yake alimwambia wiki moja kabla, huku akimbembeleza mtoto wake begani. Walikaa wote watatu katika nyumba ya vyumba viwili. "Wabembeleze. Waambie habari ya kadi za watu. Waambie habari ya bibi."

"Nimewaandikia barua. Siku, saa na chumba. Nimeandika: mnakaribishwa."

"Mnakaribishwa! Hiyo ni barua au kibao cha mlangoni?"

"Mwanangu, miaka ishirini na tisa nawaambia wanafunzi wasimsukume mtu. Leo kwa kuwa ni shida yangu ndiyo nisukume?"

Binti alimtazama, akamhamisha mtoto bega, akasema, "Haya. Kadi zikichanwa usinililie," kisha akajuta kusema hivyo na akaenda kumchemshia mama yake maji ya kuoga.

Siku ya mkutano wakapewa darasa la mwisho kabisa uani, karibu na tangi la maji, saa nane mpaka saa tisa. Mama Sababu alifika saa saba na nusu, akafuta ubao, akapanga viti vinne vinne. Mkutubi wa chama, mwanachama wa siku nyingi na mtu wa maneno machache, aliweka kitabu mezani na kalamu mbili, moja ya akiba.

Nitawaomba radhi wale wanaodhani wasomi ni watu wa haraka. Walikuja mmoja mmoja kama wagonjwa kliniki. Alikuja mwalimu wa sekondari mwenye mguu wa bandeji, akaletwa na dereva wa teksi mpaka mlangoni. Walikuja dada wawili mapacha ambao hawakuwa wameonekana tangu mwaka wa uhai uliopita. Mtu mmoja alitia sahihi, akaomba msamaha, akaondoka kuwahi keki ya Migogoro. Saa nane na nusu kulikuwa na sahihi kumi na sita. Saa nane na dakika thelathini na tano, kumi na tisa.

Mkutubi akahesabu kwa ncha ya kalamu, akahesabu tena. "Kumi na tisa," alisema. "Na wewe ishirini."

"Na mimi ishirini," alisema Mama Sababu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alihisi kifua kimefunguka. Angeweza kuinama pale pale na kutia sahihi. Lakini desturi ya kikundi, tangu siku ya kwanza, ilikuwa kwamba mratibu husaini wa mwisho, saa ikikaribia kugonga, ili asionekane mtu aliyesaini kwa kumstahi yeye. Alikuwa na dakika ishirini na tano. Mlango ulikuwa wazi. Labda wangekuja wengine, na ingependeza zaidi wakiwa ishirini na tatu.

Ndipo akamwona Asilimia mlangoni.

Huyo alikuwa mwenzake wa tangu mwanzo, mtaalamu wa takwimu wa kikundi, mwanamume mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliitwa Asilimia kwa sababu hakuweza kujibu swali bila kipimo. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anakwambia sitini na tano. Kadi zote elfu kumi na moja zilipita mikononi mwake, naye ndiye aliyezigeuza kuwa majedwali. Alisimama kizingitini, akatazama viti, akatazama kitabu mezani, midomo ikicheza kidogo kama anayehesabu. Kisha akageuka na kuondoka.

Mtu mwingine angemwita. Mtu mwingine angemkimbilia na kumshika mkono, kaka, umesahau kusaini. Mama Sababu hakuwa mtu mwingine. Mbele ya macho yake mtu alikuwa amefika kituoni na kuondoka bila kupiga kura, jambo ambalo katika miaka ishirini na tisa alikuwa amelisikia tu likisimuliwa, hajawahi kuliona. Mkono wake wenyewe ukaingia mkobani ukatoa kadi tupu. Kidole chake kikazima simu. "Narudi sasa hivi," alimwambia Mkutubi, na kweli aliamini hivyo.

Alimkuta amekaa kwenye benchi la saruji nyuma ya tangi, mahali pasipoonekana kutoka darasani.

"Hukusaini," alisema.

"Sikusaini."

"Sababu?"

Asilimia akacheka kidogo, bila furaha. "Dada, kwanza nisomee ahadi."

Akamsomea ahadi, neno kwa neno, mpaka pale pa mashahidi wawili. Asilimia alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, kioo kimoja kisha cha pili, kisha tena. Mama Sababu hakumhimiza, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi.

"Unakumbuka mwaka juzi nilialikwa kule kwa watu wa uchaguzi, niwaonyeshe majedwali yetu?"

"Nakumbuka. Ulirudi umefurahi."

"Nilirudi nimefurahi. Walinisikiliza saa mbili nzima. Waliandika. Mkubwa wao aliniambia hajawahi kuona ramani safi kama ile, kata kwa kata, wapi watu hawapigi kura. Nikampa nakala." Akavaa miwani, akaivua tena. "Mwaka jana nikakutana na kijana wao mmoja benki. Akanishukuru. Anasema mmetusaidia sana, mzee. Tumefunga vituo mia mbili na kumi na vinne."

Kalamu ilisimama, kisha ikaendelea.

"Mahali ambapo watu hawaji, kituo cha nini? Ndivyo alivyosema. Walichukua jedwali langu, wakaanza juu kwenda chini. Yule mama wa kiwandani, unamkumbuka, aliyesema angepiga kura kama kituo kingekuwa karibu? Kile cha karibu, ambacho kilikuwa mbali, kimefungwa. Nimehakikisha. Nimekwenda mwenyewe na kuona mlango."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hilo halikuwa swali la kadi, na wote wawili walijua.

"Ungesema tuandike barua ya kulalamika. Ungesema miaka mitatu mingine, kadi elfu mbili nyingine, sasa watatuelewa. Mimi sina tena nguvu hiyo. Watu wale walitufungulia mlango wakatwambia yaliyo moyoni, na sisi tukaenda kuwaonyesha wenye nguvu mahali pa kukata. Kadi zile zikibaki, ataalikwa mwingine kama mimi. Atafurahi kama mimi. Naona heri zichanwe."

Alizungumza mengine. Alieleza habari za marehemu mkewe, ambaye alikuwa akimlaumu kwamba anawajua watu kwa namba za kadi na hawajui kwa sura. Alieleza jinsi alivyoanza kuamka alfajiri na kuhesabu vituo badala ya kusali. Mama Sababu aliandika upande wa kwanza, akageuza, akaandika wa pili, akaanza kuandika pembeni. Hakutazama saa. Machozi yalimdondoka mara moja kwenye wino, naye akapuliza pakauke, akaendelea. Ilikuwa ndiyo kadi bora kuliko zote alizowahi kuandika, na hilo alilijua hata alipokuwa anaiandika.

Aliporudi darasani, viti vilikuwa vitupu isipokuwa kimoja. Mkutubi alikuwa amesimama karibu na dirisha ameshika simu yake. "Nimekupigia mara tisa," alisema. "Nimetuma watu wakutafute mpaka chooni."

Mezani alikuwa ameketi Katibu wa chama, kijana mwenye tai, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Mama Sababu na aliyepata alama nzuri kwake. Mbele yake kitabu kilikuwa wazi. Chini ya sahihi ya kumi na tisa alikuwa amepiga mstari kwa rula. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika kumi na mbili.

"Mama, shikamoo," alisema Katibu, akasimama.

"Marahaba. Mwanangu, niko hapa. Nilikuwa hapo nyuma ya tangi."

"Nilisubiri mpaka tisa kamili, mama. Nikasubiri na dakika moja ya heshima."

"Sahihi ni yangu mwenyewe. Mimi ndiye mratibu. Nani asiyejua kwamba nataka kikundi kiishi?"

"Sote tunajua, mama. Lakini kitabu hakijui." Alisema kwa huruma ya kweli, na huruma yake ndiyo iliyomuumiza. "Mwaka jana niliwakata Kikundi cha Bajeti kwa kuchelewa dakika mbili. Nikiwafungulia nyinyi, nitawaambia nini wale?"

Akatoa fomu kwenye jalada, akajaza tarehe, akajaza idadi. Mama Sababu alisimama akimngoja. Alijua kwamba sasa angeulizwa, na alikuwa tayari kueleza yote tangu mlangoni mpaka benchi, vituo mia mbili na kumi na vinne, marehemu mke wa Asilimia na lawama zake, yote. Katibu alifunga kalamu.

"Hutaniuliza sababu?"

"Sababu ya nini, mama?"

"Ya kutosaini."

Katibu aliitazama fomu juu mpaka chini, kwa bidii kabisa, kama mwanafunzi mzuri aliyekuwa. "Hakuna mahali pake," alisema.

Siku tatu baadaye, asubuhi, walileta mashine ya kukatakata karatasi katika chumba namba tisa. Kikundi cha Mabunge kilikuwa kimeomba chumba kile kiwe stoo ya viti vyao. Mama Sababu alikuja na kanga ya zamani kiunoni, kama anayekwenda kufua. Binti yake alikuwa amemshauri achukue kadi moja tu, ile ya bibi, aiingize mkobani, nani angejua? Usiku kucha alikuwa ameligeuza wazo hilo. Lakini ahadi alikuwa amemsomea mama yake pia, mbele ya ungo, na mama yake alikuwa amesema, haya, mradi isimfikie baba yako.

Asilimia alikuja saa tatu. Yeye alitoa mipira iliyofunga mafungu ya kadi, Mama Sababu akalisha mashine. Ilikuwa inakula kadi nne kwa mara moja, na kila baada ya nusu saa ilipata moto na ikabidi waizime na kuketi wakiitazama. Mwanzoni Mama Sababu alisoma kila kadi kabla ya kuiachia. Kufikia mchana aliacha kusoma. Vumbi la karatasi liliwajaa kwenye nyusi wakafanana na wazee wa miaka tisini.

Siku ya pili jioni zilibaki mbili. Ya mwisho, ile ya benchi la saruji, ambayo haikuwahi kupewa namba, na ya kwanza. Aliipitisha ya Asilimia kwanza, naye Asilimia akatazama pembeni. Kisha akaishika ya mama yake. Mwandiko ulikuwa wa ujana wake, na pembeni kulikuwa na alama ndogo ya maji ya mchele. Aliisoma mara moja kwa sauti, taratibu, mpaka pale pa ya nini nimpigie na nyingine, na Asilimia, ambaye alikuwa ameihesabu kadi ile kwenye majedwali yote bila kuisikia hata siku moja, alicheka ghafla, kisha akajifunika uso. Mashine ikaichukua kama ilivyochukua nyingine.

Ikabaki fomu ya uharibifu, iliyolala juu ya kabati tupu. Ilitaka sahihi za mashahidi wawili.

"Ulipokuwa mlangoni," alisema Mama Sababu, "uliangalia kitabu. Ulijua bado sijasaini?"

Asilimia alifikiri, kama alivyofikiri kila alipoulizwa jambo.

"Asilimia mia moja," alisema.

Mama Sababu akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa na swali moja lililobaki, lile lile la siku zote, na akaona kwamba halihitaji tena kuulizwa. Akampa kalamu.

"Wewe kwanza," alisema. "Mratibu husaini wa mwisho."